Posho na Uwezo wa Kukataa Kazi

Luena, mji wa makaa ya mawe, umo Katanga, ambako posho ni hasa mgawo wa chakula alioupata mfanyakazi kutoka kwa mwajiri. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, kampuni ya Union Minière iliambatanisha posho, nyumba na matibabu na ajira. Aliyeacha kazi alivipoteza vyote. Mwaka 2003, Gécamines, mrithi wake, kwa fedha za Benki ya Dunia, ilianza kuwalipa wafanyakazi zaidi ya 10,000 kiinua mgongo cha mara moja ili waondoke. Fedha zilipokwisha, baadhi yao waligeukia uchimbaji mdogo, wakiuza madini kwa bei aliyoipanga mnunuzi. Hivyo, msaada ulio mikononi mwa mwajiri humfunga mtu. Ule wa mara moja humwacha bila kinga. Umlindao ni ule anaoendelea kuupata hata akikataa kazi ya kinyonyaji.