Je, Wajua? Nguvu za Injini na Magurudumu ya Nyuma
Je, wajua kwamba Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyeiwakilisha Kenya, alishinda mbio za magari za Safari mara tano, mwaka 1973 na kisha mfululizo tangu 1979 hata 1982, na kila mara kwa gari la Nissan lililosukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake?

Ustadi huo wastahili kutukuzwa, kwani katika gari kama hilo difu ya kawaida, yaani gia zinazogawa nguvu za injini baina ya magurudumu mawili, ina taksiri moja kubwa: huyagawia magurudumu mawili nguvu sawasawa, hata moja likikanyaga tope, au mchanga laini, likazunguka bure, lenzake lililo juu ya ardhi ngumu nalo hupata nguvu hafifu vilevile, na gari likakwama ilhali injini yanguruma. Dawa yake ni difu yenye sahani za msuguano, ambazo hubanana na kulizuia gurudumu moja lisilikimbie lenzake, hivyo lile lenye mshiko likapata sehemu kubwa zaidi ya nguvu.

Basi ewe kijana upendaye mwendo, tengeneza kwanza difu, tairi na shokamzoba, ndipo uongeze nguvu za injini.