Mjomba, jeshi lisilo na upekuzi lipo?

Vijana wa hapa Litumbandyosi wanajua nilipitia Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), kwa hiyo hunijia: "Shikamoo mjomba. Kuna kazi ya jeshi isiyo na upekuzi?"

Marahaba, wanangu. Upekuzi mzito unawahusu hasa wanaoshika siri za serikali. Fundi magari, mpishi, mwashi au mpiga tarumbeta wa bendi hupimwa zaidi kwa ufundi na mwenendo wake. Lakini uraia, vyeti na rekodi ya jinai hukaguliwa kwa kila mtu.

Hapo ndipo wengi wetu hukwama. Kijana mmoja cheti chake cha shule kiliandikwa Komba, cha kuzaliwa Kombo. Herufi moja tu! Rekebisheni mapema, kabla nafasi hazijatangazwa.

JKT, iliyoanzishwa 1963, ina kambi mkoani kwetu, Mlale. Anayejitolea hupiga kwata, hulima, hujifunza stadi za kazi. Haiahidi ajira, na hilo husemwa wazi kwenye matangazo yake.

Maombi hupitia ofisi za wilaya na mkoa. Nafasi haziuzwi, anayekudai fedha ni tapeli, mripoti polisi.