Vijidudu Katika Koo la Mtu Mzima wa Afya

Muhula uliopita mwenzetu mmoja wa bweni alishikwa na homa ya uti wa mgongo. Alipelekwa hospitali upesi, akapona. Lakini aliporudi tulimtenga: kitanda chake tulikisogeza karibu na mlango, na hakuna aliyetaka kula naye. Mimi nami nilikuwamo. Mwalimu wa baiolojia alipotueleza habari za ugonjwa huu niliona haya, na ndiyo sababu naandika.

Vijidudu vinavyoleta homa hii, viitwavyo meningokokasi, hukaa nyuma ya pua na kooni. Vyaweza kukaa humo majuma au miezi, na mwenye kuvichukua asiumwe hata kichwa. Huko Ulaya imekadiriwa kwamba mtu 1 hivi katika 10 anavyo, na kwa vijana wa miaka 19 ni karibu 1 katika 4. Huenea kwa mate, kwa kukohoa na kupiga chafya karibu karibu. Ni mara chache sana vijidudu hivyo hupenya wakaingia katika damu na kufika kwenye utando wa ubongo. Hapo mtu aweza kufa kwa siku moja.

Basi mwenzetu aliambukizwa na nani? Yamkini na mmoja wetu sisi wazima. Kikulacho ki nguoni mwako. Tena dawa alizopewa hospitalini zilikuwa zimekwisha kuviua vijidudu vyake. Sisi tuliomkimbia hatukupewa dawa yo yote.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, daktari Mwingereza J. A. Glover aliwapima askari wa kambi ya Caterham. Vitanda viliposongamana, wachukuzi wa vijidudu waliongezeka sana. Vilipotengwa kwa futi 2 na nusu au zaidi, na hewa ikaingia, walipungua.

Nilichukua rula nikapima nafasi kati ya kitanda changu na cha jirani: inchi 14. Tulivisogeza wenyewe, tupate kuzungumza usiku. Sasa, wenzangu, tumevitenga, madirisha hayafungwi, na kila mtu ana kikombe chake. Mwenye homa kali, kichwa kikimwuma na shingo ikikakamaa, hupelekwa kwa mwuguzi saa ile ile, hata ikiwa usiku wa manane.

Na kitanda cha mwenzetu tumekirudisha mahali pake.