Fuwele Zinazong'aa kwa Pamoja na Mustakabali wa Picha za Eksirei

Mama anapomfikisha mtoto mwenye kikohozi kisichokoma katika Hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani, na daktari akaagiza picha ya kifua, huenda akauliza kwanza: je, miale hiyo haitamdhuru mwanangu? Swali hilo ni la haki, na sehemu ya jibu lake imo katika jambo ambalo wengi hawalifikirii, nalo ni mwanga.

Miale ya eksirei haionekani kwa macho. Katika mashine nyingi, miale hiyo ikishapenya mwilini hugonga utando wa fuwele, nazo huigeuza kuwa mwanga wa kawaida unaorekodiwa na kuwa picha. Fuwele zikiwa hafifu katika ugeuzaji huo, miale mingi huhitajika; zikiwa hodari, miale kidogo hutosha. Ndiyo maana wanasayansi hawaachi kutafuta fuwele bora.

Fuwele za perovskaiti

Perovskaiti ni jina la madini yaliyotambuliwa mwaka 1839 kutoka milima ya Ural, Urusi. Leo jina hilo hutumika pia kwa vitu vingine vyenye mpangilio wa atomu unaofanana na wa madini hayo. Mwaka 2015 wanakemia wa Zurich, Uswisi, walieleza namna ya kutengeneza chembe zake ndogo mno kwa kutumia sesiumu, risasi, na klorini, bromini au iodini. Chembe moja ina upana wa takriban nanomita 10, yaani ni nyembamba kuliko unywele kwa maelfu ya mara. Yenye klorini hung'aa buluu, yenye bromini kijani, na yenye iodini nyekundu.

Mwaka 2018 watafiti walioongozwa kutoka Singapore walionyesha kwamba nanofuwele hizi hutambua eksirei hafifu sana, chini ya kiwango cha kawaida cha upigaji picha za tiba kwa takriban mara 400. Takwimu hiyo isifahamike vibaya: ni kipimo cha wepesi wa kuhisi miale katika maabara, wala si ahadi kwamba mgonjwa atapunguziwa miale mara 400.

Zinapopatana

Jambo la ajabu zaidi hutokea fuwele hizi zinapopangwa kwa nidhamu. Watu ishirini wakishua jahazi, kila mmoja akisukuma kwa wakati wake, chombo hakitikisiki. Mmoja akianzisha wimbo na wote wakasukuma kwa pigo moja, jahazi huteleza majini. Nguvu zao hazikuongezeka. Zimekutana tu kwa wakati mmoja.

Ndivyo zifanyavyo fuwele hizi chini ya sheria za kwantumu. Fuwele 100 zinazong'aa kila moja kivyake hutoa mwanga wa mara 100 ya fuwele moja. Zikipatana kikamilifu, kilele cha mng'ao chaweza kufikia mara 10,000, lakini hudumu kwa muda mfupi zaidi, takriban mara 100. Jumla ya mwanga haibadiliki. Mwanafizikia Robert Dicke wa Marekani alieleza msingi wa tabia hiyo mwaka 1954, na mwaka 2018 watafiti wa Zurich waliiona katika nanofuwele za perovskaiti zilizopozwa hadi karibu nyuzi 267 chini ya sifuri. Mng'ao wake ulikuwa wa kasi zaidi ya mara 20.

Kasi hiyo ina maana katika tiba. Kipimo cha PET, kinachotumika kutafuta saratani, hulinganisha nyakati za kuwasili kwa miale miwili. Mwanga husafiri sentimita 30 kwa nanosekunde moja. Basi kukosea kwa nanosekunde moja tu katika kuzilinganisha huhamisha alama ya uvimbe kwa sentimita 15. Mmweko ulio mfupi hupunguza kosa hilo.

Vikwazo na hadhari

Safari bado ni ndefu. Fuwele hizi huharibiwa na unyevu, na hewa ya Pemba haina uhaba wa unyevu. Zina risasi, sumu inayodhuru ubongo wa mtoto, kwa hiyo lazima zifungwe barabara na zitupwe kwa utaratibu. Aidha, baridi kali kama ile ya Zurich haipatikani katika chumba cha eksirei. Anayeuza leo kikuku au kidani cha "kwantumu" kinachoponya hauzi matunda ya utafiti huu.

Kwa sasa, kinga ya mgonjwa imo mikononi mwa watu. Mhudumu aagize picha pale tu jibu lake litakapobadilisha tiba, arekebishe kiwango cha miale kulingana na umri na umbo la mtoto, na amuulize kila mwanamke aliye katika umri wa kuzaa kama ana ujauzito. Mgonjwa naye aseme mapema, na aje na picha zake za zamani ili zisirudiwe bila sababu.

Mama wa Mkoani anastahili jibu la kweli: miale ya picha moja ya kifua hulingana na ile ambayo kila mtu huipata kwa siku chache kutoka katika mazingira yake. Kumkosesha mtoto picha anayoihitaji, na nimonia au kifua kikuu kikapita bila kutambuliwa, ni hatari kubwa zaidi.