Chombo cha Maji ya Kuku Kinachojijaza Chenyewe: Kasoro na Marekebisho

Katika kaya nyingi za Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, kuku wa kienyeji ni akiba iliyo karibu: huuzwa mtoto anapohitaji madaftari, huchinjwa mgeni anapobisha hodi. Kiangazi kinapokolea, akiba hiyo hutegemea maji. Kuku mkubwa hunywa takriban robo lita kwa siku, na joto likizidi huweza kunywa mara mbili ya kiasi hicho. Kwa sababu hiyo wafugaji wengi hutengeneza chombo cha ndoo iliyopinduliwa juu ya beseni, ili kuku wapate maji hata wenye nyumba wanaposhinda shambani.

Chombo hiki kikifurika au kikigoma kutoa maji, wengi hudhani ndoo ni mbovu na kununua nyingine. Mara nyingi ndoo haina kosa. Tunaeleza hapa namna ya kutambua chanzo kabla ya kutoa fedha, pamoja na kasoro moja isiyo na marekebisho.

Namna kinavyofanya kazi

Ndoo hutobolewa tundu karibu na mdomo, hujazwa maji, hufungwa mfuniko, kisha hupinduliwa ndani ya beseni. Maji hutoka kwenye tundu na hewa huingia mahali pake. Maji ya beseni yanapopanda hadi kuliziba tundu, hewa haipati njia tena, na msukumo wa hewa ya nje huyazuia maji ya ndoo yasishuke. Kuku wakinywa, tundu hufunuliwa, mapovu huingia, na maji hushuka tena.

Basi masharti ni mawili. Kwanza, tundu liwe chini ya ukingo wa beseni, angalau kwa sentimeta 2. Pili, hewa isiingie ndani ya ndoo kwa njia nyingine yoyote.

Maji yanapofurika

1. Pima kimo cha tundu. Likiwa juu ya ukingo wa beseni, maji yatamwagika kabla ya kulifikia. Ikiwa matundu ni mengi, lililo juu kuliko yote ndilo linaloamua kimo cha maji. Tafuta beseni lenye kina zaidi, au ziba tundu hilo na kutoboa jingine chini yake.

2. Tafuta ufa. Simamisha ndoo wima, ijaze maji hadi karibu na tundu, ifute kwa nje, na uiache kwa saa moja. Panapotokea unyevu ndipo hewa inapopita. Kitako kikaguliwe kwa makini, kwa kuwa ndicho kinachokuwa juu ndoo inapopinduliwa.

3. Kagua mfuniko. Ikiwa ukingo wake uko juu ya usawa wa maji ya beseni, ni lazima ubane kabisa. Kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli kikizungushwa mdomoni huziba vizuri.

4. Angalia usawa wa ardhi. Beseni likiinama, maji humwagika upande wa chini huku tundu la upande wa juu likiwa bado wazi.

5. Angalia saa ya kufurika. Maji yakimwagika mchana wa jua kali tu, chanzo ni joto: hewa iliyo ndani ya ndoo hupanuka na kuyasukuma maji nje. Hamishia chombo kivulini, na usiache ndoo ikikaribia kuwa tupu.

Maji yasipotoka

Mara nyingi tundu limezibwa na pumba au tope, au ni dogo mno. Tundu la upana wa sentimeta 1 hutosha. Hakikisha pia kwamba ukuta wa ndoo haujagusa ukuta wa beseni mahali penye tundu. Chupa za plastiki laini hazifai kwa kazi hii, kwa kuwa hubonyea na kutoa maji bila mpangilio.

Maji yanapochafuka

Inua chombo juu ya matofali hadi ukingo wa beseni ulingane na mgongo wa kuku. Vifaranga wawekewe chombo chao kifupi chenye kokoto ndani, wasije wakazama. Ndoo isiyopitisha mwanga hupunguza utando wa kijani. Beseni lioshwe kila siku.

Chanjo ya kideri ya aina ya I-2, ambayo hurudiwa kila baada ya miezi mitatu, ikitolewa kwa maji, isitiwe katika maji yenye klorini wala chombo chenye mabaki ya sabuni, kwani huharibika. Iwekwe katika chombo kidogo, kwa kiasi ambacho kuku watakimaliza ndani ya saa mbili.

Kasoro isiyo na marekebisho

Simiyu ni mkoa wa pamba, na baada ya msimu wa kupulizia dawa makopo na madumu ya viuatilifu hubaki mengi majumbani. Ni imara na mifuniko yake hubana, hivyo huvutia kwa kazi hii. Tunasisitiza: yasitumike kamwe. Sumu hupenya ndani ya plastiki, na kuosha kwa sabuni, majivu au maji ya moto hakuiondoi yote. Sumu hiyo huweza kumfikia kuku, na kupitia mayai na nyama ikamfikia mlaji.

Chombo cha kiuatilifu kisuuzwe mara tatu wakati wa kuchanganya dawa, maji ya kusuuzia yamiminwe ndani ya bomba la kupulizia, kisha kitobolewe ili kisitumike tena. Kisiuzwe wala kugawiwa. Maelekezo zaidi hutolewa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania na maafisa ugani.

Unaponunua ndoo

Mnadani au dukani, uliza ndoo au dumu lililotumika lilibeba nini. Muuzaji asipojua, au lebo ikiwa imekwanguliwa, liache. Kwa ndoo mpya, tafuta alama ya glasi na uma, inayoonyesha kuwa plastiki yake inafaa kwa chakula. Omba kuijaribu kwa maji kabla ya kulipa, na udai risiti. Bila risiti ni vigumu kuthibitisha ulikonunua bidhaa yenye ufa.

Kuku wakifa ghafla wakati chombo kinafanya kazi vizuri, wasiliwe wala wasiuzwe. Ondoa maji yaliyomo, tenga chombo hicho, na umwarifu afisa mifugo wa kata siku hiyo hiyo, ukimweleza pia ndoo ilikotoka.