Mazutu ya groupe nayo ihesabiwe

Umeme ukikatika usiku hapa Kolwezi, tunajua kinachofuata. Mitaani ni giza na mishumaa. Mgodini groupe zinaanza kunguruma, zinakunywa mazutu mpaka asubuhi. Tumezoea moshi ule. Lakini leo wanunuzi wa shaba na kobalti wanauliza: tani moja imetoa kaboni kiasi gani mpaka kutufikia?

Swali hili linatuhusu. Mwaka 2023 Ulaya ilitoa sheria ya betri: anayeuza huko betri za magari ya umeme atadaiwa kutangaza kaboni yote, kuanzia kwenye uchimbaji wa madini. Kobalti yetu iko ndani. Mgodi usio na hesabu ya kuaminika unaweza kukosa mnunuzi, na mnunuzi akikosekana, ni mshahara wa baba na masomo ya watoto vinavyoguswa.

Hesabu hii inagawanywa katika mafungu matatu. La kwanza ni kile sosiete inachochoma yenyewe: mazutu ya groupe, ya benne, ya mashine. La pili ni umeme inaonunua. La tatu ni kazi ya wengine: kamio za kupeleka mzigo, chokaa, asidi, meli.

Tunasikia mara nyingi kwamba shaba ya Lualaba ni safi, kwa sababu umeme unatoka majini: Nzilo, Nseke, na Inga ambayo laini yake ilifika Kolwezi mwaka 1982. Ni kweli, lakini maji yanasafisha fungu la pili tu. Lita moja ya mazutu ikichomwa inatoa karibu kilo 2,7 za gesi ya kaboni. Tuseme groupe moja inakunywa lita 100 kwa saa, na umeme umekosa saa 10. Ni lita 1.000, ndiyo kusema tani 2,7 kwa usiku mmoja.

Kwa hiyo kazi inaanzia kwa yule anayegawa mazutu. Kila lita iandikwe, na mashine iliyoipokea. Lita iliyoandikwa lakini ikauzwa njiani inaharibu hesabu na mfuko pamoja. Benne ikisimama kwenye foleni, moteri izimwe. Kambi na ofisi zinaweza kutumia jua.

Kuna na hatua kubwa. Kamio ya concentré inabeba uchafu zaidi kuliko shaba, safari nzima mpaka baharini. Kamoa-Kakula imejenga tanuru la tani 500.000 kwa mwaka ili shaba itoke ikiwa safi zaidi ya 99%, kamio zipungue. Tanuru nalo linataka umeme mwingi. Likilishwa na groupe, faida inapotea. Reli ya Lobito, iliyojaribiwa na mzigo wa Kamoa mwishoni mwa 2023, inapunguza mazutu ya barabara.

Ripoti ikitoka, délégué wetu wa syndicat waulize maneno matatu. Lita ngapi mwaka huu, na ngapi mwaka jana? Kaboni imepungua kwa tani ya shaba tu, ao kwa jumla? Maana uzalishaji ukipanda, ya kwanza inaweza kushuka na moshi ukaongezeka. Na tena: nani wa nje amehakikisha?

Majibu yabandikwe mlangoni pa mgodi, kwa Kiswahili. Sisi njo tunaovuta moshi ule. Hesabu yake tuione.