Wastaafu wa Ugenini na Siasa Waliyodhani Wameikimbia

Katika miji ya Uingereza, Marekani na Ujerumani wako wafanyakazi wengi ambao, wakaribiapo umri wa kustaafu, huanza kuzungumza neno moja tu: kuhama. Si kuhama kwa kutafuta kazi, maana kazi wameimaliza. Wala si kuhama kwa kukimbia vita. Wataka kwenda kukaa mahali ambapo jua huwaka na fedha kidogo hununua vitu vingi. Wengine huitazama Hispania na Ureno. Wengine Panama, Meksiko, Thailand na Ufilipino. Na wako waitazamao pwani yetu ya Afrika ya Mashariki, mathalan Malindi na Watamu, ambako Waitaliano wengi wamekwisha kujenga.

Mtu akiyasikiliza mazungumzo ya watu hawa atayaona yazunguka mambo matatu: fedha, siasa na ndoa. Juu ya fedha husema kwamba pensheni iliyo ndogo kwao itakuwa kubwa kule waendako. Juu ya siasa husema wamechoka na vyama na serikali, na kwamba mgeni hana siasa. Juu ya ndoa, yule mjane au aliyeachana na mkewe husema atapata mwenzi wa kumtunza uzeeni. Yafaa sisi tulio wafanyakazi na wanachama tuyapime maoni hayo, si kwa kuwacheka wazee wa watu, bali kwa sababu ndani yake mna somo lituhusulo.

FEDHA

Hoja ya fedha haikosi ukweli. Serikali ya Panama humruhusu mgeni kukaa humo iwapo aonyesha kwamba ana pensheni ya maisha isiyopungua dola 1,000 kwa mwezi. Na kwa kuwa nchi hiyo imetumia dola ya Marekani tangu mwaka 1904, Mmarekani aliyestaafu hana hofu ya kubadilisha fedha. Thailand humtaka mgeni aliyetimiza miaka 50 awe na baht 800,000 benki, au mapato ya baht 65,000 kwa mwezi. Mtu ambaye kwao angehesabu kila senti ili alipe kodi ya nyumba na moto wa kupashia chumba, huko aweza kukaa kwa nafasi.

Lakini pensheni si mfuko wa fedha uliofungwa kamba, ambao mtu huutia begani akaenda nao atakako. Pensheni ni ahadi ya sheria, na sheria ina mipaka. Hapo ndipo wengi hukosea hesabu.

Tuchukue mfano wa Uingereza. Mzee wa Kiingereza akistaafu nchini mwake, pensheni ya serikali huongezwa kila mwaka ili isiachwe nyuma na bei za vitu. Akihamia Hispania, huongezwa. Akihamia Marekani, Ufilipino, Jamaika, Uturuki au Morisi, huongezwa pia. Lakini akihamia Thailand, Kanada, Australia, Afrika ya Kusini, Kenya au Tanzania, pensheni yake husimama pale pale ilipokuwa siku alipoanza kuipokea akiwa huko, na haitaongezwa mpaka afe au arudi kwao. Watu zaidi ya 400,000 wamo katika hali hiyo. Wote walichanga kwa sheria ile ile, kazi zile zile, miaka ile ile. Tofauti ni kwamba serikali yao imefunga mapatano na nchi hii, na haikufunga na nchi ile.

Bibi mmoja wa Kiingereza, Annette Carson, aliyehamia Afrika ya Kusini, alilipeleka jambo hili mahakamani. Mwaka 2000 pensheni yake ya msingi ilisimamishwa kwenye paundi 67.50 kwa wiki. Alishindwa mbele ya majaji wa juu wa Uingereza mwaka 2005, na Machi 2010 yeye na wenzake wakashindwa katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, ambako majaji 11 waliwakataa na majaji 6 wakawa upande wao. Na tazama jinsi muda ufanyavyo kazi yake: kufikia Aprili 2025 pensheni hiyo hiyo ya msingi, kwa aliyebaki Uingereza, ilikuwa imefika paundi 176.45 kwa wiki.

Juu ya hayo iko thamani ya fedha yenyewe. Mwaka 2005 paundi moja ilibadilishwa Thailand kwa zaidi ya baht 70. Mwaka 2019 ilikuwa imeshuka chini ya baht 40. Basi mzee aliyehama kwa hesabu ya mwaka 2005 alipigwa mara mbili: paundi zake hazikuongezeka, na kila paundi ilinunua nusu tu, au zaidi kidogo, ya ile iliyonunua zamani.

Mmarekani ana afadhali katika hilo, kwa kuwa pensheni yake huongezwa hata akiwa ng'ambo. Lakini naye ana mzigo wake. Serikali yake humdai hesabu ya kodi ya mapato popote alipo duniani kwa sababu tu ni raia. Na ile bima ya matibabu ya wazee iitwayo Medicare, iliyoanzishwa mwaka 1965, ambayo aliichangia maisha yake yote ya kazi, kwa kawaida hailipi hospitali iliyo nje ya Marekani. Aondokapo akiwa na miaka 65 na nguvu zake, jambo hilo huliona dogo. Afikapo miaka 80 huwa ndilo jambo lenyewe.

SIASA

Sasa tuitazame ile kauli kwamba mgeni hana siasa. Ni kweli kwamba mgeni hapigi kura ya bunge katika nchi aliyoikuta. Lakini kutokuwa na kura si kutokuwa na siasa. Ni kuwa chini ya siasa ya watu wengine.

Waingereza waliokaa Hispania, Ufaransa na Italia walilijua hilo mwaka 2016. Mwaka huo nchi yao ilipiga kura ya kuamua kubaki au kutoka katika Umoja wa Ulaya. Hakuna waliokuwa na haja kubwa zaidi na jibu la kura ile kuliko wao, maana ukaaji wao, matibabu yao na nyumba zao vilitegemea Umoja huo. Walakini sheria ya Uingereza wakati ule ilimnyima kura kila raia aliyekwisha kukaa nje zaidi ya miaka 15. Wakakaa wakitazama wengine wakiamua. Waliokwisha kukaa huko kwa halali kabla ya mwisho wa mwaka 2020 walilindwa na mapatano ya kutoka. Aliyechelewa akawa mgeni kama wageni wengine, aweza kukaa siku 90 tu katika kila siku 180, ila aombe ruhusa na kuonyesha mapato yake.

Mmoja wa wazee hao alikuwa Harry Shindler, askari wa zamani aliyepigana Italia katika Vita Kuu ya Pili, na mwanachama wa siku nyingi wa chama cha Labour. Alihamia Italia mwaka 1982, akanyang'anywa kura kwa sheria ile, akaishitaki serikali yake hata Mahakama ya Ulaya, akashindwa mwaka 2013. Hakunyamaza. Mwaka 2022 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuondoa ule mpaka wa miaka 15, nayo ikaanza kutumika Januari 2024. Shindler alikuwa amefariki Februari 2023, akiwa na umri wa miaka 101. Haki aliyoipigania iliwafikia wenzake. Huyo hakusema kwamba amechoka na siasa.

Tena siasa humfuata mgeni hata katika mambo madogo. Kwa muda mrefu balozi za Uingereza na Marekani mjini Bangkok ziliwaandikia wastaafu barua za kushuhudia mapato yao, ili waonyeshe kwa maofisa wa uhamiaji wa Thailand. Mwanzoni mwa mwaka 2019 balozi hizo ziliacha kutoa barua. Kwa uamuzi wa ofisi tu, wazee ambao mambo yao yalikuwa yameketi vizuri walilazimika kutafuta vithibitisho vingine au kukusanya fedha nyingi na kuziweka benki, ama wafunge mizigo.

NDOA

Juu ya ndoa yasemwa mengi ya upuuzi. Wako wasemao kwamba kila mwanamke wa nchi maskini anayeolewa na mzee wa kigeni amefuata fedha. Na wako wasemao kwamba huko wanawake hawajali mali hata kidogo. Kauli zote mbili zatoka kwa watu wasiotaka kumtazama mwanamke huyo kuwa mtu mwenye wazazi, watoto na hesabu zake mwenyewe.

Huko Thailand hutolewa mahari kwa wazazi wa bibi arusi, na kwa lugha yao huitwa sin sot. Mzee wa Kizungu akiisikia hudhani ameuziwa mke. Msomaji wetu hahitaji kufafanuliwa: ajua kwamba mahari ni heshima baina ya jamaa mbili, na kwamba binti anayefanya kazi huwatumia wazazi wake chochote kila mwezi. Mume anayeoa huoa na jamaa. Asiyelitaka hilo na asiseme amedanganywa.

Lakini sheria ina neno lake hapa pia. Thailand haimruhusu mgeni kumiliki ardhi. Aweza kumiliki chumba katika jengo la ghorofa, mradi wageni wote pamoja wasizidi sehemu 49 kwa 100 za jengo hilo. Akitaka nyumba yenye kiwanja, ardhi huandikwa kwa jina la mke, na mume hutia sahihi kwamba fedha zilizonunulia ni mali ya mke pekee. Ndoa ikivunjika, hana la kudai katika ardhi ile. Wapo walioingiza akiba ya miaka 40 katika kiwanja kimoja, wakatoka na sanduku la nguo.

Na mke naye hana salama. Mstaafu wa Kimarekani akifa, mjane wake asiye raia, akaaye nje ya Marekani, kwa kawaida hudaiwa awe amewahi kuishi Marekani miaka isiyopungua 5 katika ndoa hiyo ndipo apate malipo ya mjane, ila kwa raia wa nchi kadhaa zilizosamehewa sharti hilo. Basi mwanamke aliyemwogesha na kumlisha mzee wa watu mpaka pumzi ya mwisho, kijijini kwao, aweza kukuta kwamba siku ya maziko ndiyo siku ya mwisho ya pensheni. Katika mazungumzo ya watu wajiandaao kuhama, suala la mke atabaki na nini huulizwa mara chache sana.

NENO LETU SISI

Huenda msomaji akasema kwamba hayo ni mambo ya Wazungu. Sivyo. Wako wauguzi, madereva na mafundi kutoka Tanzania na Kenya waliofanya kazi Uingereza kwa miaka 20 na 30, wakichanga kila wiki kama wenzao. Ndoto yao ni kurudi nyumbani Moshi, Kisumu au Unguja. Kwa kuwa hakuna mapatano ya jambo hili baina ya serikali zao na Uingereza, pensheni yao nayo husimama siku waanzapo kuipokea hapa nyumbani. Muuguzi aliyewatunza wagonjwa wa London maisha yake yote ataadhibiwa kwa kosa la kurudi kwao. Hilo si jambo la Wazungu. Ni jambo la mfanyakazi, nalo lapasa kudaiwa na vyama vya wafanyakazi na kusemwa na wajumbe wetu kila wanapokaa mezani na serikali ile.

Hali kadhalika Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika ya Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, imetaja haki ya mfanyakazi kupata hifadhi ya jamii katika nchi mwenyeji. Mtu wa Tanga afanyaye kazi Mombasa, na mtu wa Bukoba afanyaye kazi Kampala, na waulize leo, wangali na nguvu: michango yangu itahesabiwaje nitakaporudi? Kuuliza swali hilo baada ya kustaafu ni kuchelewa.

Kwa upande mwingine, sisi ni wenyeji wa wageni. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imesema asiye raia hawezi kushika ardhi kwa zaidi ya miaka 99, na kwa kupanga tu. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 haimpi asiye raia ardhi ila kwa uwekezaji. Wako wageni waonao sheria hizo kuwa ni ukatili. Lakini mzee mwenye pensheni ya ng'ambo na mvuvi wa Watamu hawawezi kushindana kwa bei ya kiwanja, na pasipo sheria mvuvi atasukumwa mbali na bahari iliyomlea. Mgeni akaribishwe, aheshimiwe, atibiwe akiugua. Kiwanja cha mvuvi kisiwe ndiyo bei ya ukarimu wetu.

Hatuwalaumu wazee hao kwa kutaka jua na nafuu. Mtu aliyefanya kazi miaka 40 ana haki ya kupumzika, na nchi isiyomwezesha kupumzika nyumbani kwake ndiyo yenye swali la kujibu. Kosa lao ni moja: wamedhani kwamba fedha, ndoa na makazi ni mambo ya mtu na nafsi yake, na siasa ni mambo ya wakubwa. Pensheni iliamuliwa bungeni. Kiwanja kiliamuliwa bungeni. Malipo ya mjane yaliamuliwa bungeni. Mwanachama anayekosa mkutano wa tawi kwa kuwa hana haja na siasa na akumbuke kwamba uzee wake mwenyewe umo katika ajenda.